KAZI YA KWELI HAIUZWI

Haya ni mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni.

Ndugu msikilizaji,

Mwezi Septemba mwaka 2024, Jumapili moja alasiri, nilipata mgeni nyumbani kwangu. Alikuwa binti wa marehemu rafiki yangu, mtu niliyefundisha naye shule moja kwa miaka mingi. Binti huyu nimemjua tangu anabebwa mgongoni. Alipopata shahada yake ya kwanza, mwaka mmoja kabla ya hapo, tulimchinjia kuku wawili, na mama yake, ambaye hujipatia riziki kwa kuuza chai na maandazi, alilia kwa furaha hata akashindwa kutoa neno la shukrani.

Siku hiyo aliniamkia, "Shikamoo, baba mdogo," nami nikaitikia. Akaketi, akatoa bahasha ya kaki, akanikabidhi kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza iliitwa barua ya ajira. Ilisema amepata kazi ya miezi 6 mjini Bangkok, nchini Thailand, kuhudumia wateja kwa simu na kompyuta. Mshahara ni dola 1,000 kwa mwezi, chakula na malazi juu ya mwajiri. Karatasi ya pili ilikuwa fomu ya mkopo wa shilingi milioni 4. Dhamana ya mkopo huo ilikuwa kiwanja cha mama yake kilichoko Kihonda, Morogoro, chenye vyumba viwili ambavyo havijaezekwa. Mahali pa sahihi ya mdhamini palikuwa patupu. Hapo ndipo nilipotakiwa mimi.

"Baba mdogo, ni miezi sita tu," akaniambia. "Nikirudi nalipa deni, na mtaji unabaki."

Leo, ndugu msikilizaji, nataka tuzungumze juu ya hiyo miezi sita tu.

Naomba kwanza nisieleweke vibaya. Mimi si miongoni mwa wazee wanaowaambia vijana watulie nyumbani wangoje heri iwafuate. La hasha. Kwenda ng'ambo kwa msimu, kufanya kazi na kurejea, si jambo geni kwetu. Wazee wa pwani waliondoka na pepo za kusi wakarudi na kaskazi, na hakuna aliyewaita wazururaji. Kijana aliyemaliza chuo leo ana sababu nzuri zaidi ya kutaka kutoka. Kila tangazo la kazi analolisoma linadai uzoefu wa miaka miwili au mitatu. Uzoefu hupatikana kazini, na kazini haingii asiye na uzoefu. Kijana wa namna hiyo akisikia kuwa iko nchi ambako anaweza kufanya kazi miezi 6, akarudi na barua ya sifa na akiba kidogo, kwa nini asiende? Hata mimi ningekwenda.

Basi tuliisoma ile barua pamoja, mstari kwa mstari, kama nilivyokuwa nikisahihisha insha za wanafunzi. Jina la kampuni lilikuwapo, lakini jina la mtaa na namba ya nyumba havikuwapo. Simu iliyoandikwa ilikuwa ya wakala wa hapa hapa mjini. Nikamuuliza ataingia Thailand kwa viza gani. Akasema ameambiwa aingie kama mtalii, halafu ya kazi watabadilishiwa huko huko. Nikamuuliza nani aliyemfanyia usaili. Akasema aliulizwa maswali kwa simu dakika 10, kisha akapimwa kasi ya kuandika Kiingereza kwenye kompyuta, akaambiwa amefaulu. Nikamuuliza hizo milioni 4 ni za nini. Kwenye karatasi ya wakala palikuwa na neno moja tu: maandalizi.

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi sahihi yangu siitii hapa."

Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo linanichoma. Alisema, "Baba mdogo, nyinyi mlipomaliza chuo, kazi ilikuwa inawangoja. Mimi inaningoja nini?"

Sikuwa na jibu. Ni kweli kwamba sisi tulipangiwa vituo na serikali, tukapewa na nauli ya kwenda kuripoti. Binti aliaga kwa adabu zote, lakini chai yake aliiacha nusu kikombe.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Kijana mmoja aliyesoma naye darasa moja alikuwa na barua kama ile ile, neno kwa neno, isipokuwa jina. Yeye mdhamini alimpata. Aliondoka Oktoba mwaka huo. Bangkok alipokewa na dereva aliyeshika kibao chenye jina lake, akafurahi. Lakini gari halikwenda mjini. Lilikwenda magharibi karibu siku nzima, hadi mji wa mpakani uitwao Mae Sot. Hapo kuna mto Moei, na ng'ambo ya mto ni Myawaddy, nchi nyingine kabisa, Myanmar. Alivushwa usiku. Pasipoti ilichukuliwa, akapewa kompyuta na orodha ya watu wa Ulaya na Marekani ambao alitakiwa kuwatongoza kwa majina ya uongo hadi watoe fedha zao. Hiyo ndiyo iliyokuwa "huduma kwa wateja". Asiyefikisha kiasi alichopangiwa alipigwa. Aliyetaka kurudi kwao aliambiwa alipe maelfu ya dola ajinunue.

Wapo watakaodhani kuwa haya huwapata wasiosoma. Sivyo hata kidogo. Mwezi Agosti 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti ikikadiria kuwa watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na wengine wapatao 100,000 nchini Kambodia huenda walikuwa wakishikiliwa na kulazimishwa kufanya utapeli wa namna hii. Ripoti hiyo ilisema wazi kuwa wengi wao ni watu waliosoma, wenye kujua kompyuta na lugha zaidi ya moja, na baadhi wana shahada. Matapeli hawa hawamtafuti mbeba mizigo. Wanamtafuta mhitimu, kwa maana Kiingereza chake na kasi ya vidole vyake ndiyo mali wanayoihitaji.

Tena si kwamba hapakuwa na onyo. Mwaka 2022 Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya ilitangaza hadharani kuwa kazi hizo za Thailand ni mtego, baada ya kuwaokoa raia wake. Mapema mwaka 2025 maelfu ya watu walitolewa katika kambi za eneo la Myawaddy, wakiwamo Wakenya, Waganda na Waethiopia. Kijana wetu alitoka katika msukosuko huo. Alirudi na suruali aliyoivaa na kovu mgongoni. Deni alilikuta linamngoja, limeshanenepa.

Na mtego haukuwekwa Asia peke yake. Mwaka 2024 shirika la habari la AP liliripoti juu ya wasichana wa Kiafrika waliokwenda Tatarstan, nchini Urusi, katika mpango uitwao Alabuga Start. Waliitwa kwa matangazo ya kazi na masomo, mambo ya hoteli na kadhalika. Walipofika wakajikuta kiwandani wakiunganisha ndege za kivita zisizo na rubani. Umri uliotakiwa ulikuwa miaka 18 hadi 22. Mwenye kuangalia umri huo ataona ni nani aliyekuwa akiwindwa.

Ndugu msikilizaji, katika haya yote liko jambo moja ambalo laiti kila mhitimu angelishika, nusu ya mitego hii ingebaki mitupu. Nalo ni hili: kazi ya kweli haiuzwi. Anayelipa katika ajira ni mwajiri, na anayelipwa ni mfanyakazi. Mambo yakigeuka, ukaona wewe ndiye unayelipa ili uajiriwe, basi jiulize kinachouzwa ni nini, kwa sababu huenda ni wewe.

Hayo si maneno yangu ya barazani. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipitisha mkataba mwaka 1997, Mkataba namba 181, unaohusu mawakala binafsi wa ajira. Kifungu cha 7 kinasema wakala asimtoze mfanyakazi ada wala gharama, moja kwa moja au kwa kuzunguka, yote au sehemu yake. Vighairi vinaweza kuwekwa na nchi, tena si nchi zote zilizouridhia mkataba huo, lakini kanuni yenyewe imekaa wazi. Wakala ni mtumishi wa mwajiri. Mwajiri anayehitaji watu ndiye amlipe anayemtafutia.

Hapa kijana atanishika. Ataniuliza, "Mzee, mbona hata pasipoti inalipiwa?" Ni swali zuri. Tutenganishe mambo mawili. Iko ada ya karatasi, na iko bei ya kazi. Ada ya karatasi ni halali. Pasipoti unailipia Idara ya Uhamiaji, viza unailipia ubalozi, chanjo na vipimo unavilipia hospitali. Kila ada ina kiasi kinachojulikana, ni kile kile kwa kila mtu, na ukilipa unapewa stakabadhi yenye jina la ofisi. Bei ya kazi haina kiasi. Leo milioni 4, kesho ukibabaika milioni 3, na kwa mtoto wa fulani milioni 5. Hulipwa kwa simu ya mtu binafsi, na stakabadhi yake ni neno "maandalizi". Ukiona mtu anapatana nawe bei ya kazi kama mnavyopatana bei ya mbuzi mnadani, shika kofia yako uondoke.

Tuje kwenye hesabu, maana wasomi wetu hesabu wamesoma lakini wakiona neno "dola" huisahau. Tuchukue kwamba kazi ni ya kweli kabisa na mwajiri ni mtu wa haki. Umekopa milioni 4 kwa wale wakopeshaji wa mitaani, mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Riba peke yake ni laki 4 kila mwezi. Kwa miezi 6 ni milioni 2 na laki 4, hujagusa deni lenyewe. Jumla unadaiwa milioni 6 na laki 4. Huko uliko unalipwa, tuseme, sawa na milioni moja na nusu kwa mwezi, na baada ya chakula, nauli na chumba unabakiwa na laki 6. Kwa miezi 6 umeweka milioni 3 na laki 6. Unarudi nyumbani baada ya nusu mwaka wa jasho ukiwa na upungufu wa milioni 2 na laki 8. Hapo hujaugua hata siku moja.

Mtu anayekwenda kwa miaka mitano anaweza kubeba gharama kubwa mwanzoni, kwa sababu ana miaka ya kuirudisha. Mtu wa miezi 6 hawezi. Kadiri mkataba unavyokuwa mfupi, ndivyo gharama yake inavyotakiwa kuwa ndogo. Kwa hiyo maneno "ni miezi sita tu", ambayo yule binti aliyatumia kunituliza moyo, ndiyo yaliyopaswa kututia wasiwasi zaidi.

La pili ni viza. Watu huichukulia viza kuwa ni mlango, ukishapita umepita. Sivyo. Viza ni masharti yaliyobandikwa kwenye pasipoti yako. Mwenye viza ya utalii akifanya kazi amevunja sheria ya nchi aliyomo tangu siku ya kwanza, na mwajiri wake analijua hilo. Asipolipwa mshahara atakwenda kushitaki wapi? Akipigwa atakwenda polisi gani? Ndiyo maana watu wabaya hupenda sana kukuingiza kwa viza ya utalii. Wanataka uwaogope polisi kuliko unavyowaogopa wao. Mkataba, viza na tiketi ni lazima viseme maneno ya namna moja. Mkataba ukisema miezi 6 ya kazi, viza iseme kazi, na tiketi ya kurudi iwe na mwenye kuilipa aliyetajwa kwa jina. Kimoja kikisema lingine, usipande ndege.

Najua kijana ananisikiliza huku anasema, "Mzee, umefunga milango yote. Iliyo wazi ni ipi?" Ni haki yake kuuliza, kwani kumkataza mtu bila kumwonyesha ni nusu ya malezi.

Nianze kwa ukweli mchungu. Ipo milango ambayo haikutengenezwa kwa ajili yetu. Zamani Uingereza ilikuwa na mpango wa kuwaruhusu vijana wa Jumuiya ya Madola, wenye miaka 17 hadi 30, kwenda kutembea na kufanya kazi kwa muda. Mpango huo ulifungwa mwaka 2008. Mwezi Mei 2022 nchi hiyo ilianzisha viza nyingine kwa wahitimu wa vyuo vilivyoonekana kuwa bora duniani, na katika orodha ya kwanza hapakuwa na hata chuo kimoja cha Afrika. Marekani ina utaratibu wa mafunzo kazini kwa viza iitwayo J-1, unaompokea mhitimu ambaye hajapitisha miezi 12 tangu amalize chuo, kwa muda usiozidi mwaka mmoja. Lakini kuanzia mwaka 2025 nchi hiyo ilianza kuweka vizuizi vya viza kwa raia wa nchi kadhaa za Afrika, Burundi ikiwa mojawapo. Kwa hiyo mtu yeyote akikuambia ana njia ya mkato ya kwenda London au Chicago, ulizia kwanza ubalozini kama njia hiyo ipo. Milango hii hufungwa na kufunguliwa, na wakala hana funguo zake.

Sasa milango iliyo wazi zaidi. Umoja wa Mataifa hupokea wahitimu kwa mafunzo ya miezi 2 hadi 6, na mhitimu anatakiwa aanze kabla mwaka mmoja haujapita tangu amalize shahada. Wengi hawajui kuwa muda huo unakimbia, wanakuja kushtuka miezi 14 imepita. Lakini tahadhari: nafasi hizi katika Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa hazina mshahara. Mwaka 2015 kijana mmoja kutoka New Zealand aliyekuwa akifanya mafunzo hayo mjini Geneva aligunduliwa akilala katika hema kwa kushindwa kodi ya nyumba, na dunia nzima ikamsikia. Ikiwa mtoto wa nchi tajiri alilala hemani, mtoto wa muuza maandazi atalala wapi? Hata hivyo baadhi ya mashirika ya Umoja huo, ILO likiwa mojawapo, hutoa posho. Na kumbuka kwamba Geneva siyo kituo pekee. Nairobi, pale Gigiri, yako makao makuu ya shirika la mazingira, UNEP, na lile la makazi, UN-Habitat. Nairobi unafika kwa basi, na pengine una shangazi pale Umoja au Kayole wa kukupa godoro.

Upo pia mpango wa watu wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa, UNV, ulioanzishwa mwaka 1970. Huu humpa kijana posho ya kujikimu. Na lililo muhimu kuliko yote: Umoja wa Mataifa hautozi ada yoyote, katika hatua yoyote, kwa mtu anayeomba kazi. Ukiona barua yenye nembo ya Umoja wa Mataifa inakudai hata shilingi elfu kumi, hiyo nembo imeibwa.

Halafu upo mlango ambao tunaupita kila siku bila kuutazama. Tukisema "nje", macho yetu yanaruka Kampala na Kigali yanatua Ulaya. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Kanuni zake zinamtambua mwananchi wa nchi mwanachama anayepata ajira katika nchi nyingine mwanachama. Kwa kazi isiyozidi siku 90 inatajwa pasi maalumu, na zaidi ya hapo kibali cha kazi. Si kila kazi, maana kila nchi iliorodhesha fani ilizozifungulia, na maofisa wa mipakani wana visa vyao. Lakini angalia faida zake. Nauli ni ya basi. Lugha utapata wa kusema nawe. Ukidhulumiwa unaweza kurudi nyumbani kwa siku moja au mbili. Na barua ya sifa kutoka shirika la Kigali, mbele ya mwajiri wa Dar es Salaam, ni barua ya uzoefu wa kimataifa kama nyingine.

Kwa wanaotaka Ghuba, Oman na Falme za Kiarabu, ambako ndugu zetu wengi wako na baadhi wanafanya kazi nzuri za uhasibu, ualimu na hoteli, nasema hivi: usimwamini wakala kwa ukubwa wa ofisi yake. Wakala ana leseni au hana. Hapa Tanzania waulize TaESA, yaani Huduma za Ajira Tanzania, au ofisi ya Kamishna wa Kazi. Kenya waulize Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Swali lenyewe halizidi dakika tano, na halina malipo. Wakala mwenye leseni hatakasirika ukimwambia unakwenda kuuliza. Akikasirika, ameshakujibu.

Kabla hujaondoka, popote unapokwenda, acha nyumbani nakala za pasipoti, viza na mkataba. Mwachie mtu mmoja unayemwamini anwani kamili ya unakokwenda, na muwekeane siku ya kupiga simu. Mpatane na neno moja la siri, ambalo ukilisema katikati ya mazungumzo ya kawaida atajua umeshikwa. Watu walioko katika kambi zile huruhusiwa kupiga simu huku wamesimamiwa, wakisema "niko salama, hali nzuri". Mama nyumbani hufurahi akapika pilau.

Na nyinyi wazazi wenzangu, nina neno. Mara nyingi anayemsukuma kijana ndani ya gari la tapeli ni sisi. Tunamwuliza kila asubuhi, "Vipi, bado tu?" Tunamlinganisha na mtoto wa jirani. Tunamkumbusha ada tulizolipa. Kijana aliyechoshwa na macho ya nyumbani haiulizi barua maswali. Atakwenda popote, almuradi asiwe sebuleni. Tuwape vijana nafasi ya kusema kuwa kazi haijapatikana bila kuinamisha kichwa.

Na vyuo vyetu navyo? Vinamfundisha kijana miaka mitatu kusoma nadharia za watu wa mbali, lakini hakuna saa moja ya kumfundisha kusoma mkataba wa kazi. Serikali nazo, zinazosifu fedha zinazotumwa na walioko ng'ambo, ziweke majina ya mawakala wenye leseni mahali ambapo mtoto wa kijijini atayaona, si kwenye kabati la ofisi ya mkoa. Onyo linalotolewa baada ya watu kunaswa ni salamu za rambirambi.

Namalizia kwa yule binti. Miezi mingi hakuja kwangu. Alikuja mwaka 2025, baada ya mwenzake kurudi. Hakusema lolote juu ya siku ile, wala mimi sikumkumbusha. Alikuwa amepata kazi ya siku 90 katika shirika moja Nairobi, kukusanya na kuchambua takwimu. Nauli ya basi alilipiwa, pasi yake ilishughulikiwa na mwajiri. Alitaka tu niisome barua yao kabla hajaijibu. Tuliisoma pamoja mstari kwa mstari. Mtaa ulikuwapo, namba ya jengo ilikuwapo, na hapakuwa na mahali popote palipoandikwa "maandalizi".

Alikwenda, akarudi. Ndugu msikilizaji, sitakudanganya kwamba alirudi tajiri. Alirudi na barua ya sifa, akiba ya kununulia bati za vyumba viwili, na rafiki wawili watatu wa kazi. Kazi ya kudumu bado anaitafuta, na swali aliloniuliza siku ile bado sina jibu lake. Lakini kiwanja cha Kihonda bado ni cha mama yake, na vyumba vimeezekwa.

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kijana anayekwenda ng'ambo kwa miezi michache ameshasema mwenyewe kuwa atarudi. Basi siku ya kuondoka ahakikishe hajaiuza ile ngama.

Hadi juma lijalo, kwaherini.